Chemsha Bongo za Historia: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yetu

Barua nyingi zilizoufikia ukurasa huu mwezi huu zimehusu mchezo mmoja, yaani chemsha bongo za historia ambazo marafiki, ndugu na watu waliosoma pamoja hutupiana katika makundi yao ya WhatsApp. Mchezo wenyewe ni mwepesi: mmoja anauliza, wengine wanajibu, na aliyepata anachukua zamu ya kuuliza. Kinachotuletea barua si mchezo bali ubishi unaoufuata. Baada ya kuzisoma zote tumeona kwamba, katika sehemu kubwa ya mabishano hayo, waliojibu hawakuikosea historia. Aliyekosea ni muulizaji, ambaye hakusema anahesabu kuanzia wapi na kuishia wapi, wala anaizungumzia nchi ipi ya mwaka upi. Tumechagua barua chache na baadhi tumezifupisha.

Dakika 38, 40 au 45?

Ndugu Mhariri, katika kundi letu la watu tuliosoma pamoja sekondari niliuliza vita vifupi kuliko vyote katika historia vilichukua dakika ngapi. Jibu nililokuwa nalo ni 38. Mwenzetu mmoja alijibu 45, mwingine 40, na kila mmoja akaleta picha ya ukurasa alioutegemea. Nimewanyima pointi wote wawili na sasa hawaitikii salamu zangu. Nani mwenye haki? (Msimamizi wa kundi, Tanga)

Warudishie pointi zao, kwa sababu wote watatu mmesoma sawasawa. Vita mnavyobishania ni vile vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896. Siku mbili kabla yake Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki ghafla, na Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza sultani bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameifanya Zanzibar kuwa nchi iliyo chini ya himaya yao na ambao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Khalid alipewa muda hadi saa 3:00 asubuhi ya tarehe 27 awe ameshusha bendera na kuondoka. Saa ilipotimia, amri ya kupiga ilitolewa. Mizinga ya manowari ikaanza kulia saa 3:02. Wengi wa walioandika habari hizo wanasema mizinga ilinyamaza na bendera ya kasri ikashushwa saa 3:40, lakini wapo wanaoandika saa 3:45.

Hesabu iliyobaki haihitaji mwalimu. Anayeanzia kwenye mzinga wa kwanza na kuishia saa 3:40 anapata dakika 38. Anayeanzia kwenye amri na kuishia hapo hapo anapata 40. Anayeanzia kwenye amri na kukubali saa 3:45 anapata 45. Ungeuliza mizinga ya Waingereza ililia kuanzia saa ngapi, pasingekuwa na ugomvi.

Hata hivyo, kwa maoni yetu dakika hizo ndizo sehemu maskini kuliko zote katika habari hii, na inasikitisha kwamba ndizo zinazoulizwa kila siku. Katika muda huo mfupi watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, ilhali upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja tu. Meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa bandarini. Khalid mwenyewe alikimbilia katika ubalozi mdogo wa Ujerumani, na hapo ndipo penye swali tunalowapa bure watu wa kundi lako: Waingereza walikuwa wakimngoja nje ili wamkamate mara atakapokanyaga ardhi ya Unguja, basi alitokaje? Alitoka tarehe 2 Oktoba, bahari ilipojaa maji hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, akaingia moja kwa moja katika mashua ya manowari ya Kijerumani bila ya mguu wake kugusa ardhi ya nje, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata mwaka 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakampeleka uhamishoni, na akafia Mombasa mwaka 1927.

Nani alitangulia kupata uhuru?

Mhariri, habari za kazi. Binti yangu aliuliza katika kundi la ukoo ni nchi gani ya Afrika Mashariki iliyotangulia kupata uhuru. Mimi na wajomba zake tulijibu Tanganyika, na yeye akatuambia tumekosa, kwamba ni Kongo. Tangu lini Kongo ikawa Afrika Mashariki? Tunaomba utuamulie, maana babu yao ameshaanza kusema shule za siku hizi hazifundishi. (Mama wa watoto wanne, Mwanza)

Mpe babu salamu zetu na umwambie kwamba shule haina kosa. Ninyi mliijibu Afrika Mashariki ya ujana wenu, yaani nchi tatu zilizounda jumuiya ya mwaka 1967, na katika hizo Tanganyika ndiyo ya kwanza, tarehe 9 Desemba 1961, ikifuatwa na Uganda tarehe 9 Oktoba 1962 na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Binti yako amejibu Afrika Mashariki ya leo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na uhuru wake ni wa tarehe 30 Juni 1960, miezi kumi na saba na zaidi kabla ya Tanganyika.

Lakini binti naye asitembee kifua mbele. Somalia ilikubaliwa katika Jumuiya mwaka 2023, na sehemu yake ya kaskazini, iliyokuwa chini ya Waingereza, ilipata uhuru tarehe 26 Juni 1960, siku nne kabla ya Kongo; ya kusini ikafuata tarehe 1 Julai na siku hiyo hiyo zikaungana. Halafu kuna Sudan Kusini, ambayo ilijitenga na kuwa nchi mwaka 2011, lakini ilikuwa sehemu ya Sudan iliyopata uhuru tarehe 1 Januari 1956. Kila unapousogeza mpaka, mshindi anabadilika. Tunashauri pointi igawanywe, na safari nyingine muulizaji ataje nchi anazozilinganisha. Kama mnataka swali la uhuru lisilo na mlango wa nyuma, ulizeni kati ya Zanzibar na Kenya ni ipi iliyotangulia. Wengi watasema Kenya, nao watakuwa wamekosa kwa siku mbili, kwa sababu Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963.

Ugonjwa huu huu unayapata maswali yote ya mtu wa kwanza kushika cheo. Waziri Mkuu wa kwanza wa Tanganyika alikuwa Julius Nyerere, aliyejiuzulu Januari 1962 na kumwachia Rashidi Kawawa. Waziri Mkuu wa kwanza wa Tanzania, cheo hicho kilipoanzishwa katika Jamhuri ya Muungano mwaka 1972, alikuwa Kawawa. Asiyetofautisha Tanganyika na Tanzania katika swali lake amewatega wenzake bila kukusudia. Wasomaji wetu wa Kenya nao wana lao: siku ya uhuru Jomo Kenyatta hakuwa rais. Alikuwa Waziri Mkuu, na mkuu wa nchi alikuwa Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald, hadi Kenya ilipokuwa jamhuri mwaka mmoja kamili baadaye.

Mlima uliotolewa zawadi

Mhariri mpendwa, kila mwaka lazima atokee mtu wa kuuliza ni malkia gani aliyempa mjukuu wake Mlima Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, na jibu huwa ni Malkia Victoria kumpa Kaisari Wilhelm. Mimi naishi chini ya mlima huo upande wa Kenya, na swali hili huniudhi, lakini sina hoja ya kulipinga. (Msomaji wa Taveta)

Hoja unayo, nayo ni kalenda. Mpaka uliouweka Mlima Kilimanjaro upande wa Wajerumani ulikubaliwa mwaka 1886. Wilhelm wa Pili, huyo mjukuu, alishika ufalme Juni 1888. Mwaka 1886 kaisari wa Ujerumani alikuwa babu yake mzaa baba, Wilhelm wa Kwanza, ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria kwa hesabu yoyote. Zawadi hiyo, basi, ingekuwa imetolewa kwa mtu ambaye bado hakuwa na nchi ya kuipokelea.

Hadithi imeenea kwa sababu ramani inaisaidia. Ukiutazama mpaka wa Kenya na Tanzania unaona mstari unaotoka pwani, unapita penye Ziwa Jipe, unazunguka miguu ya kaskazini ya Kilimanjaro, kisha unanyooka tena hadi Ziwa Victoria. Na kila anayeuona mzunguko huo anatafuta sababu yake. Sababu haina mapenzi ya bibi na mjukuu. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikuwa amepata hati ya ardhi huko kwenu Taveta. Mwaka uliofuata Mjerumani Carl Jühlke, mtu wa kampuni ya Carl Peters, akaweka mkataba na Mangi Rindi wa Moshi. Na Sultani wa Zanzibar naye alikuwa na madai yake juu ya nchi hizo hizo. Mabwana wa London na Berlin walipokaa kugawana, Waingereza walikuwa wanaihitaji Mombasa na Wajerumani wanautaka mlima, na kila mmoja akaondoka na alichokitaka. Watu wa Moshi na Taveta hawakuulizwa.

Mtu akileta tena swali hilo, usimkatalie kwa hasira. Mwombe ataje mwaka wa zawadi, halafu umwachie nafasi atafute mwenyewe Wilhelm alikuwa nani mwaka huo.

Lipo swali ambalo ni ndugu wa hili, nalo limetajwa katika barua nyingine mbili: kwamba mwaka 1890 Ujerumani ilibadilisha Zanzibar kwa kisiwa cha Heligoland, kilichokuwa mikononi mwa Waingereza. Zanzibar haikuwa ya Ujerumani hata siku moja. Walichokubali Wajerumani ni kutopinga Zanzibar kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza, pamoja na kuachia Witu, karibu na Lamu, ambako kweli walikuwa wamekwisha kutia mguu.

Mshindi wa sekunde kumi

Mhariri, kundi letu lina watu wa Minnesota, Mombasa na Lubumbashi, na tatizo letu ni mtu mmoja ambaye kila swali analijibu katika sekunde kumi, kwa maneno ambayo si yake. Tunajua anatafuta Google. Tumfukuze? (Wenzake watatu)

Msimfukuze. Anayeweza kunakili jibu ndani ya sekunde kumi ameulizwa swali linalonakilika. Mkiuliza Elizabeth wa Pili alikuwa nchi gani alipokuwa malkia, bila shaka atawamaliza mapema, kwa sababu habari ya binti wa mfalme aliyekwenda kutazama wanyama Treetops karibu na Nyeri, na aliyeamka tarehe 6 Februari 1952 akiwa malkia bila kujua, imeandikwa kila mahali. Baadhi ya makundi hujaribu kuweka muda wa dakika moja. Hatupendekezi, kwa kuwa aliye Lubumbashi na mtandao unaokatika ataadhibiwa kwa kosa la mtambo. Kuuliza kwa ujumbe wa sauti kunasaidia kidogo, maana maneno hayanakiliki moja kwa moja.

Dawa hasa ni kuuliza swali ambalo jibu lake la haraka si sahihi. Chukueni hili: Desemba 1901 reli iliyojengwa kutoka Mombasa ilipofika Ziwa Victoria, ilikuwa imefika katika nchi gani? Rafiki yenu atatafuta, ataona Kisumu, ataona Kisumu iko Kenya, na atajibu Kenya. Amekosa mara mbili. Kwanza, nchi iliyoitwa Kenya haikuwapo kwa jina hilo hadi mwaka 1920. Kabla ya hapo ilikuwa himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Pili, na hili ndilo tamu zaidi, Kisumu ya mwaka 1901 ilikuwa ndani ya Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliokuwa na Kisumu na sehemu kubwa ya nchi ya juu iliyopitiwa na reli, ulihamishiwa upande wa pili mwaka 1902. Wanaoicheka reli hiyo kwa kuitwa reli ya Uganda ilhali iko Kenya wanaicheka kwa ramani ya leo.

Au muulizeni Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliidai Ujerumani kitu gani kutoka Afrika Mashariki ambacho si ardhi wala fedha. Kifungu cha 246 kilitaka lirudishwe fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891 na ambaye alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Kifungu hicho hicho, kwa mshangao wa wengi, kinadai pia msahafu wa Khalifa Uthman urudishwe kwa mfalme wa Hijazi. Miezi sita iliyotolewa katika mkataba iligeuka miaka thelathini na mitano. Fuvu lililotolewa katika jumba la makumbusho la Bremen lilikabidhiwa kwa Wahehe mwaka 1954 na Gavana Edward Twining, na sasa limehifadhiwa Kalenga, karibu na Iringa. Mtu anayepata jibu la swali hilo kwa kutafuta atakuwa amesoma kurasa nne au tano njiani, na kwa kazi hiyo anastahili pointi.

Jambo la mwisho kwa kundi hili: takeni sababu pamoja na jina. Atakayejibu Uganda peke yake apate nusu, na atakayeeleza kwa nini apate nzima.

Rubani wa Vasco da Gama

Ndugu Mhariri, hapa kwetu kila mtoto anajua kwamba Vasco da Gama alionyeshwa njia ya India na Ahmad ibn Majid. Nimeuliza swali hilo katika kundi la walimu wenzangu, na mmoja akasema jibu hilo limepitwa na wakati. Limepitwaje, na limo katika vitabu tulivyosomea? (Mwalimu, Malindi)

Sehemu ya habari hii ni imara na hamna haja ya kuibishania. Da Gama alifika Mombasa mwanzoni mwa Aprili 1498, akaondoka kwa kutoelewana na wenyeji, akafika Malindi katikati ya mwezi huo, akapokelewa vizuri na mfalme aliyekuwa na uhasama na Mombasa, akapewa rubani, akang'oa nanga tarehe 24 Aprili na kufika karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Rubani alikuwapo. Linalobishaniwa ni jina lake.

Jina la Ibn Majid linatokana na Qutb al-Din al-Nahrawali, mwandishi wa Makka wa karne ya 16, ambaye aliandika miongo mingi baada ya safari kwamba baharia huyo aliwaelekeza Wareno njia akiwa amelewa. Maandishi ya Wareno wenyewe hayamtaji. Aliyeandika kumbukumbu za safari akiwa melini anasema walipewa rubani Mkristo, na ikumbukwe kwamba siku zile Wareno waliwadhania Wahindu kuwa ni Wakristo; João de Barros, aliyeandika baadaye, anamtaja Mwislamu wa Gujarat. Ibn Majid alikuwa mwenyeji wa Julfar, katika nchi inayoitwa leo Ras al-Khaimah, alikuwa mzee kufikia mwaka 1498, na alikwisha kuandika vitabu vya elimu ya bahari vilivyompa jina kuliko mabaharia wote wa zama zake. Hiyo, tunadhani, ndiyo sababu kisa kilimwangukia yeye: jambo kubwa hutafutiwa mtu mkubwa. Wanahistoria wengi wa sasa hawakikubali.

Mwenzako, basi, amesema kweli, japokuwa angeweza kuisema kwa upole zaidi. Liulize hivi: rubani aliyemvusha da Gama kutoka Malindi alitolewa na nani? Alitolewa na mfalme wa Malindi, na hapo hakuna wa kubisha. Swali hilo lina faida nyingine, kwa sababu linamrudisha mbele mwenyeji aliyefanya uamuzi, na linamlazimu anayejibu afikirie kwa nini Malindi ilimkaribisha mgeni ambaye Mombasa ilikuwa imemkataa.

Mwaka wa kuhama kwa Seyyid Said

Shikamoo Mhariri. Kundi letu hapa Muscat ni la wazee na vijana wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Vijana wamesoma kwamba Seyyid Said alihamishia makao Unguja mwaka 1840, wazee wanasema 1832. Tufuate upi? (Kijana, Muscat)

Marahaba. Miaka yote miwili imechapishwa katika vitabu vya kuheshimika, na sababu ni kwamba Seyyid Said hakuhama kwa siku moja. Alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na kwa miaka mingi baadaye alikuwa akienda na kurudi kadiri mambo ya Oman na ya Mombasa yalivyomwita. Swali linalodai mwaka mmoja wa kuhama kwake halifai, na tungelifuta.

Waulizeni wazee alifia nchi gani. Watajibu Oman au Unguja, na jibu ni kwamba hakufia nchi yoyote: alifariki Oktoba 1856 akiwa melini, karibu na Shelisheli, akisafiri kutoka Muscat, na akazikwa Unguja. Kutoka hapo mnaweza kuingia katika mgogoro wa wanawe, Thuwaini huko Oman na Majid huku Unguja, uliokatwa mwaka 1861 kwa uamuzi wa Waingereza wa kuzitenganisha nchi mbili na kuitaka Zanzibar iilipe Oman riale 40,000 kila mwaka.

Majimaji si mchezo

Mhariri, nimejitoa katika kundi la marafiki baada ya mmoja kuuliza Vita vya Majimaji viliua watu wangapi, akaweka machaguo manne na alama za kucheka, kana kwamba anauliza matokeo ya mpira. Mimi ni mjukuu wa watu waliokufa katika vita hivyo. Je, nimezidisha? (Msomaji, Songea)

Hukuzidisha. Machaguo manne yalikuwa na kosa la elimu kabla ya kuwa na kosa la adabu, kwa sababu jibu moja halipo. Makadirio ya waliokufa kati ya mwaka 1905 na 1907 yanaanzia 75,000, ambayo ndiyo hesabu ya Wajerumani, hadi 300,000 kwa wanahistoria waliokuja baadaye, na tofauti hiyo kubwa inatokana na namna watu walivyokufa. Risasi ziliua wengi, lakini njaa iliua wengi zaidi. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka kwa makusudi, na wafao kwa njaa porini hawana wa kuwahesabu. Mtu aliyeliweka swali lile katika machaguo manne hakuwa na jibu lolote la kumpa pointi mshindi.

Hatukubaliani, hata hivyo, na msomaji mwingine anayetaka makundi yapigwe marufuku kuuliza habari za vita na utumwa. Huko kwenu Songea kuna makumbusho ya Majimaji, na kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906, akiwamo Nkosi Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake. Kijana wa Arusha au wa Eldoret anaweza kuishi miaka yake yote bila kulijua hilo asipoulizwa na rafiki. Aulizwe mji wa Songea unaitwa kwa jina la nani na mtu huyo alikufaje. Aulizwe vita vilianzia wapi, ajifunze kwamba ni katika vilima vya Umatumbi, na kwamba pamba iliyolimwa kwa kulazimishwa ilikuwa miongoni mwa vyanzo vyake. Alama za kucheka azihifadhi kwa maswali mengine.

Kuhusu kujitoa, hilo ni lako. Kama msimamizi wa kundi ni mtu anayeambilika, mwandikie pembeni, si mbele ya wote.

Swali la meli

Mhariri, naomba unikagulie swali kabla sijalituma: "Ni meli gani iliyozamishwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia na inayosafiri mpaka leo katika Ziwa Tanganyika?" (Msomaji, Kigoma)

Swali ni zuri na meli ni Liemba, ila kuna mambo mawili ya kurekebisha. "Mpaka leo" liondoe, kwa kuwa meli hiyo imekuwa ikisimama kwa matengenezo kwa vipindi virefu na atatokea mtu wa kukuuliza kama imeondoka gatini wiki hii. Pili, sema ilizamishwa na nani. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika masanduku, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya huko na kuelea ziwani mwaka 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani walipolazimika kuondoka waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka injini zake mafuta mazito ili zisile kutu. Waingereza waliiinua mwaka 1924 na ikaanza tena kazi mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Tuma hivi: "Meli gani ya Ziwa Tanganyika ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916, na kwa nini walipaka injini mafuta kabla ya kuizamisha?" Nusu ya pointi kwa jina, nusu kwa sababu.